Kikohozi cha Msimu wa Salfa

Muuguzi Hajira alisimama katikati ya mlango wa wodi, mikono kiunoni, akaninyima njia.

"Shikamoo, daktari. Tangu getini umekohoa mara nne. Nimehesabu."

"Marahaba. Ni salfa tu."

"Salfa!" Alicheka ndani ya barakoa yake. "Mikorosho umepanda lini, Baba Huruma? Shamba lako ni kabati la dawa."

Nikamwamuru anipishe. Alinitazama kitambo, kisha akasogea. Alichokipisha kilikuwa cheo changu, si maneno yangu.

Ilikuwa Julai ya mwaka 2022, katika kituo cha afya nilichokiongoza, nje kidogo ya Newala. Mwezi huo ukungu hauondoki uwandani hadi saa nne, na mashine za kupulizia mikorosho dawa ya salfa huunguruma tangu alfajiri. Unga wa njano hutua juu ya majani, juu ya nguo zilizoanikwa, ndani ya vifua. Kila anayekohoa huitaja salfa, na nusu yao husema kweli. Ndiyo maana niliandika amri kwa mkono wangu, nikaibandika mlangoni: anayekohoa haingii, awe nani, kwa sababu yoyote. Uviko ulikuwa haujatutoka. Ndani mlikuwa na vitanda sita, na katika cha tatu alilala Bi Shamsia wa Chilangala, ambaye moyo wake uliochoka ulikuwa umeanza kupata nguvu. Nilikuwa nimemwahidi kwamba Jumamosi angekwenda nyumbani.

Mwanawe, Khalidi, nilimrudisha siku mbili kabla. Alikuja moja kwa moja kutoka shambani, nyusi zimegeuka za njano, bakuli la uji mkononi. Akakohoa. Akaapa kuwa ni salfa. Nikapokea bakuli, nikamwonyesha barabara.

"Sheria haina mtoto wa mtu," nilimwambia, nami nikajiona mrefu.

Kiburi kile kina kwao. Nililelewa na shule ya bweni ya misheni, upande wa Masasi: kengele ya saa kumi na moja, maji ya baridi, na chumba cha wagonjwa ambamo, tuliamini, walilala wavivu tu. Kwa miaka minne sikukiona kitanda chake. Kwa miaka kumi na tisa ya utabibu sikukosa zamu hata moja. Nililiita jambo hilo uadilifu.

Basi niliingia. Bi Shamsia alikuwa mzito wa kusikia. Nikashusha barakoa ili aione midomo yangu, nikamwinamia. Tulizungumza kidogo. Nikakohoa kwenye kiwiko, nikaendelea na kitanda cha nne.

Jioni mifupa ikaanza kuniuma. Hajira akanipima Uviko. Mistari miwili ya maambukizi ikajichora kwenye kipimo. Siku ya tatu ikajichora ya Bi Shamsia. Siku ya tisa oksijeni haikumtosha tena. Wenzake watano walinusurika. Nilitafuta mtu mwingine wa kumtwika lawama, nisimpate: hakuna mwingine aliyeingia wodini akikohoa, amri yangu ilikuwa imewazuia wote.

Nilitoka karantini asubuhi aliyofariki Bi Shamsia. Khalidi alifika na ndugu zake wawili na gari la kukodi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nashukuru, daktari. Siku ile nilikutukana njia nzima. Lakini ulinizuia kwa haki. Ningeingia, leo ningejiona nimemuua mama."

Hajira alikuwa mezani akijaza fomu. Kalamu yake ikasimama. Hakuniangalia. Ningeweza kusema "pole", na shukrani ile ingebaki yangu hadi leo.

"Ni mimi niliyemwambukiza," nilisema. "Niliingia nikikohoa."

Mmoja wa ndugu zake alipiga hatua mbele. Khalidi akamzuia kwa kiganja. Aliponena hakupaza sauti.

"Siku hiyo uliyoingia, aliniulizia?"

"Alikuulizia."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba hairuhusiwi."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeelezwa namna ya kumeza dawa. Kisha akageukia machela. Ilikuwa na mishikio minne, nao walikuwa watatu.

"Shika miguuni," akaniambia.

Nikashika.