Mapazia ya Mwanamke wa Shunemu

Saluni yangu na chumba cha ushonaji cha Mama Pindo vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu, na mbao haijawahi kuzuia maneno. Cherehani ikinyamaza upande wa pili, najua kuna habari inakuja. Na mimi habari naipenda kuliko chai. Kichwa cha rasta ndogo ndogo kinakula saa tano nzima; usipokuwa na la kusimulia, mteja anasinzia, shingo inapinda, na mistari inakwenda kombo.

Ndivyo nilivyoisoma Biblia kwa mwaka mmoja na nusu: kupitia ukuta.

Ilianza hivi. Mama mkwe wangu ni mjane, mwalimu mstaafu, anaishi mwendo wa siku nzima kwa basi. Tangu niolewe na mwanawe aliniomba jambo moja tu. "Mwanangu, tusome sura moja kila siku, wewe huko na mimi huku. Jioni nikupigie, tuambiane tulichopata."

Nani angekataa? Nikasoma siku tisa. Siku ya kumi niliamkia kwa bibi harusi, yeye na wapambe wake sita, na jioni simu ikaita sijafungua hata jalada. Nikagonga ukuta.

"Mama Pindo! Leo sura inasemaje?"

Yeye ni msomaji, husoma kabla hajatia uzi kwenye sindano. Akanisimulia, nami nikamsimulia mama mkwe, akafurahi. Kesho yake nikagonga tena. Njia ya mkato ikageuka barabara kuu.

Na Mama Pindo anajua kusimulia, jamani! Ukimsikiliza utadhani Abrahamu alikuwa jirani yake mlango wa tatu. Wateja walianza kuja saa kumi makusudi. "Nisuke taratibu," wananiambia, "leo zamu ya Delila." Visa vyote nikavijua. Lakini ungenipa kitabu chenyewe nikutafutie Samweli, ningeanzia nyuma, kwenye ramani.

Mwaka huu mama mkwe akapasuliwa mtoto wa jicho. Miezi miwili baadaye akaja kwetu, macho yamepona, daktari alitaka kuyakagua tu. Simu zake zilikuwa zimekuwa fupi siku hizo, nami, Mungu anisamehe, nilishukuru.

Hakuja yule ninayemjua. Ninayemjua huingia akipanga viatu vya watu mlangoni na kumwuliza mwanawe, "Tumbo hilo, baba, au umemeza mgeni?" Huyu alisalimia, akakaa, akatazama mikono yake. Jumapili kina mama wa kanisani wakamwomba asome somo, maana sauti yake wanaijua tangu ziara zake za nyuma. Kule kwake amesoma kanisani miaka thelathini.

"Mtafuteni mwingine," akasema.

Mume wangu, fundi bomba, akanivuta jikoni. "Mama anaumwa?"

"Mwulize. Si mama yako?"

"Wewe ndiye unayeongea naye kila siku. Mimi huwa ananiuliza tumbo tu."

Jumatatu saluni hufungwa. Asubuhi, mume ameshatoka na mfuko wake wa spana, nikamkuta mama mezani, Biblia wazi, kidole juu ya mstari.

"Keti, mwanangu. Nionyeshe mapazia."

"Mapazia gani, mama?"

"Ya yule mwanamke wa Shunemu, aliyemjengea nabii chumba cha juu. Mwaka jana uliniambia aliweka mapazia ya kijani yenye marinda, akayafunga kwa utepe. Mimi sura ile ile nilikuwa nimeisoma asubuhi, na sikuyaona. Nikajiambia, macho yameanza kuruka mistari. Halafu nikakumbuka haikuwa mara ya kwanza. Mtandio wa Rebeka uliotariziwa. Foronya za Abigaili. Kila jioni unanitajia kitu ambacho mimi sikukiona. Ndiyo nikaenda kwa daktari wa macho."

Chai ikanipalia.

"Wakakuta mtoto wa jicho kweli, wakamtoa. Nikamshukuru Mungu. Sasa namwona hadi sisimizi ukutani. Nikarudi kwenye sura. Kitanda kipo, meza ipo, kiti kipo, taa ipo. Mapazia hakuna. Nimesoma mara nne." Akafunga kitabu taratibu, kama anayefunika chungu. "Kama si macho, basi ni akili. Marehemu mama yangu ilimwanza hivi hivi, kwa vitu vidogo. Usimwambie mwanangu bado. Lakini kusoma nimeacha. Nitasomaje, nami kichwa changu sikiamini tena?"

Uongo mwingine ulikuja wenyewe, umeoga na kuvaa: "Labda Biblia yako ni ya tafsiri nyingine, mama." Ulikuwa ulimini kabisa. Nikamtazama yule mama, vidole vyake vilivyoshika chaki miaka yote ile viko juu ya jalada. Nikaumeza.

"Mama, mapazia hayapo."

"Hayapo kwenye yangu?"

"Hayapo popote. Akili yako nzima kuliko yangu. Mimi ndiye sijasoma. Nilisoma siku tisa tu. Nyingine zote nilisimuliwa, nikakusimulia wewe."

Jirani alikuwa anapiga deki. Nilisikia kila mkupuo wa maji.

"Hata Abigaili?"

"Hata Abigaili, mama."

"Na foronya?"

"Foronya ni za Mama Pindo. Yeye ni fundi cherehani."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza mama wa watu, nikapiga magoti pale pale sakafuni. Kumbe anacheka! Alicheka akashika meza, akacheka akatafuta khanga afute machozi, na katikati ya kicheko machozi yakawa ya kweli, kisha yakarudi kuwa kicheko.

"Afadhali mkwe mwongo kuliko kichwa kilichohama," akasema. Halafu uso ukawa wa mwalimu. "Umeniogopesha, mwanangu. Nimelala na hofu hiyo peke yangu."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini usidhani tumemaliza. Nipeleke kwa huyo fundi."

Mama Pindo hafungi Jumatatu. Tulimkuta na tepu shingoni na pini midomoni.

"Wewe ndiye mwenye mapazia?" mama akauliza toka mlangoni.

"Ndiye mimi, mama, karibu. Dirisha lako upana gani?"

Nilipomweleza, alitoa pini moja moja mdomoni ili apate nafasi ya kujitetea. "Mama yangu, chumba kipya, kitanda, meza, kiti, taa, halafu dirisha liwe tupu? Nabii abadilishe nguo watu wanamwona? Mimi nilimsaidia tu yule mama wa watu."

"Hakukuomba," mama akasema, lakini mdomo ulikuwa unamcheza.

Hukumu ikatolewa pale pale. Kila asubuhi, nusu saa kabla sijafungua mlango, tukutane saluni watatu. Nisome mimi, kwa mdomo wangu, kidole juu ya mstari. Kwanza tuseme kilichopo. Tunachofikiri kije baadaye. Mama Pindo asiongeze hata kifungo. Na kwa kuwa nilikiri kuwa Samweli alinishinda kumtafuta, tuanze kwake.

Siku za kwanza, ndugu zangu, ulimi ulikuwa mzito kama nimekula gundi. Macho yanakwenda kwenye simu, masikio yanakwenda barabarani. Mama amekaa kwenye kiti cha kuoshea nywele kama malkia.

"Soma. Na kusuka hukujua siku moja."

"Na nikiruka siku, mama?"

"Sema umeruka. Kesho uanzie pale ulipoachia. Kitabu hakina kinyongo. Kinyongo unacho wewe, ndiyo maana unaogopa kukirudia."

Mzigo niliobeba mwaka mmoja na nusu ulikuwa mwepesi kuutua kiasi hicho! Sema umeruka. Basi.

Mama alirudi kwake, na Jumapili ile ile akasoma somo kanisani kwao. Huku tumeendelea. Nimeruka mara mbili, na mara zote mbili nilisema. Simu ya jioni naiweka kwa sauti kubwa sasa, saluni nzima isikie.

Juzi jioni, kwenye simu, mama aliniomba nirudie sura ya pili ya Samweli wa kwanza, ile ya Hana aliyemwacha mwanawe hekaluni; asubuhi tulipoipitia mara ya kwanza Mama Pindo alikuwa ameitwa na mteja, nami nilisoma kama anayekimbizwa. Nikamwacha mteja nusu kichwa, nikasoma; kufika katikati, kitana kikanidondoka. Simu bado iko hewani, nikagonga ukuta.

"Mama Pindo! Kuna kanzu humu!"

Cherehani ikanyamaza. Akaja mbio na kitambaa mkononi. "Usiniongezee. Mama alikataza."

"Sijaongeza. Soma mwenyewe. Kila mwaka alimtengenezea mtoto kanzu ndogo, akampelekea."

Akasoma, midomo inatembea. "Mwaka jana hii ilinipita. Wiki ile nilikuwa na oda ya sare za shule, nilisoma mbio mbio." Akakaa kwenye kiti cha kuoshea bila kukaribishwa. "Kila mwaka? Alimpimaje, na mtoto anaishi mbali?"

Hata dada aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia alitoa kichwa asikie.

"Hilo halijaandikwa," mama akasema kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kupanga viatu. "Kwa hiyo msiliongeze. Lakini mimi mwanangu yuko huko mbali, na najua tumbo limeongezeka."

"Limeongezeka, mama," nikasema.

"Haya. Endelea na mstari wa ishirini."

"Nisuke kwanza na mimi," mteja akalalamika. "Nimebaki upande mmoja."

Nikampa kitabu akishike kwenye mapaja, nikarudi kwenye nywele zake, naye akaanza kusoma.