Ufunguo wa Lori

Mvua za mwaka tisini na saba zilikuwa zimeanza kuitia hofu Katumba, makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, wakati Melkior, bwana maafa kutoka wilayani, alipoeleza mpango wake. Mahindi, dawa na maturubai vingewekwa shuleni, kando ya barabara. Mto ukifurika, watu wakusanyike hapo, lori liwachukue.

Alikuwa na uso wa upole na sauti ya padri, na hayo ndiyo yaliyomfanya Séverine asimwamini hata kidogo. Machale yalimcheza aliposikia tu neno kukusanyika. Kule Burundi, mwaka sabini na mbili, mumewe aliitwa kwenye inama, yaani mkutano. Akavaa shati safi, akapandishwa lori na wanaume wenzake. Halikurudi hata shati.

"Shuleni hatuendi," alimwambia Rosine, mke wa mwanawe, aliyekuwa na mimba kubwa na nyumba bondeni.

"Mabukwe, maji yakija nitakula nini? Nitazalia wapi?" Rosine alimuuliza mama mkwe wake.

Hilo likamwogopesha Séverine zaidi. Akamfuata Melkior.

"Vitu viwekwe kigangoni, kule kanisani kilimani."

"Lori halifiki kule, mama."

"Ndiyo maana."

Melkior akacheka, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake. "Mama, lori hili ni la mahindi tu."

"Na lile lilikuwa la mkutano tu."

Melkior akatazama njia ya kilimani. Mwishowe akakubali kigangoni, ila magunia yangebebwa kwa vichwa, kwa hiyo watu waje wote pale kwenye lori. Hakuna aliyesogea. Séverine akanyoosha mkono.

"Ufunguo nishike mimi."

Dereva alinuna, lakini Melkior akamwambia atoe. Séverine akaufunga kwenye pindo la kitenge, ndipo watu wakaanza kuja, mmoja mmoja, kila mtu na njia yake. Melkior aliwaomba wapange mstari. Wakajifanya hawajasikia, wakabeba.

Gunia la mwisho lilipopanda kilima, Melkior akaja kuomba ufunguo.

"Fungua nyuma kwanza," alisema Séverine.

Akachungulia. Akainua turubai lililobaki, akatazama chini yake. Kisha akageukia kilimani, akamwita Rosine kwa sauti. Rosine akaitika kutoka huko juu.

Ndipo Séverine akafungua pindo.