Jiwe Lililochoka Kusomewa

Jumatatu asubuhi Halimo alifika kisimani na mbuzi wake, akamkuta mwalimu Bedan amepiga magoti mbele ya jiwe, anasugua herufi kwa mswaki. Kisima kiko kati ya Leparua na Kipsing. Jiwe lilifukuliwa vijana walipokuwa wakipanua birika la kunyweshea, na lina mwandiko wa watu wa kale ambao hakuna anayewajua.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa rahisi. Mzee Guracha ndiye abba herega, mpanga zamu wa kisima. Aliangalia mifugo iliyokauka midomo zaidi, akanyoosha fimbo, na mwenye mifugo akanywesha. Jiwe lilipotokea, akaiegemeza fimbo kwenye mgunga. "Mimi sikusoma," alisema. "Wacha wenye kusoma wapange." Upuuzi mtupu, lakini watu waliitikia.

Bedan aliletwa na Jattani, mwenye ng'ombe wengi. Akasoma kwa sauti: maji haya ni ya wenye pembe kubwa. Maji yakawapandia ng'ombe wa Jattani mpaka yakamwagika. Mbuzi wa Halimo walipoinamia birika, yakateremka taratibu, kama mgeni anayeaga. Hakuna aliyeshangaa. Maji yalikuwa yamesikia.

Siku chache baadaye Abdifatah, mwenye lori la kuuza maji mjini Isiolo, akamleta Kinanu, binti mpole wa chuo kikuu. Kinanu alikunywa chai, akavaa miwani, akasoma herufi zile zile: maji haya ni ya msafiri anayeyapeleka mbali. Maji yakaruka juu ya migongo ya ng'ombe, yakaingia tangini yenyewe. Dereva hata hakuwasha pampu.

Ikawa hivyo kiangazi kizima. Bedan akisoma, ng'ombe wanakunywa. Kinanu akisoma, lori linajaa. Halimo alikuwa mjane, na maziwa ya wajukuu wake yalitoka kwa mbuzi wale tu. Alisubiri. Mbuzi wakaanza kuanguka.

"Mwalimu," alimwuliza Bedan, "hapo kwa jiwe, mbuzi hajaandikwa?"

Bedan alitafuta tena, kwa moyo wote. "Nimeangalia, mama. Sijaona."

Kinanu naye akatafuta mpaka machozi yakamlengalenga. "Pole, shosho. Hapa kuna msafiri tu."

"Na mimi niliyetembea tangu alfajiri ni nani?"

"Nafikiri ni msafiri wa lori, shosho."

Halimo hakuwa na nguvu za kugomba. Alikaa chini, akamfunika kichwa kwa shuka mwanambuzi aliyekuwa akihema.

Alhamisi moja, watu wote wakiwapo, jiwe likachoka. Likakohoa vumbi, likajisoma lenyewe, kutoka juu mpaka chini, kwa lugha yake ya zamani na sauti ya mzee aliyeamshwa. Lilipokuwa likisoma, maji yalipanda pande zote. Ng'ombe wakanywa. Tangi likajaa. Mbuzi wa Halimo wakanywa mpaka matumbo yakavimba, na yeye akajaza kibuyu chake, akalia mbele za watu bila haya.

Jiwe likanyamaza.

"Limesema nini?" Guracha aliuliza.

"Wenye pembe kubwa," alisema Bedan.

"Msafiri," alisema Kinanu, kwa sauti ndogo.

Upande wa mbuzi maji yakaanza kushuka.

"Wallahi mmeona!" Halimo alipaza sauti. "Mzee Guracha, si umeona mbuzi wakinywa?"

"Nimeona, Halimo." Mzee alikuwa akiangalia vidole vyake vya miguu. "Lakini mimi sikusoma."

Halimo akafungua kibuyu, akalimwagia jiwe maji kidogo kwa sababu ya kile kikohozi. Kisha akaichukua ile fimbo pale mgungani. Mchwa walikuwa wameanza kuila. Akawaswaga mbuzi nayo kuelekea Kipsing, akachimbe maji kwenye mchanga wa lugga, ule mto mkavu. Guracha alimwona akiichukua.

Nyuma yao Bedan alikuwa ameanza tena, mstari wa kwanza.