Maziwa Yasiyotiwa Nyasi

Wauza maziwa wote wa ng'ambo ile ya mfereji, wenye nyati wa kufugwa, wakishajaza madebe, hutupia konzi la nyasi juu ya maziwa ili yasirukeruke njiani. Wote isipokuwa Bachittar Singh. Yeye tangu ujana wake hakuwahi kutia hata unyasi mmoja, na maringo yake yote yalikuwa hapo. "Nyasi ni chakula cha nyati," alikuwa akisema. "Anayejua kubadili gia, maziwa yake hulala usingizi mpaka mjini."

Na kweli yalilala. Pikipiki yake, aliyorithi kwa baba yake na kuiita Begam, ilikuwa nzito, nyeusi, kongwe, gia zake ziko mguu wa kulia kama zilivyokuwa za zamani. Mzee akibadili gia husikii kitu, mlio wa injini tu unashuka kidogo kisha unaendelea. Kwa mambo ya gia hakuwa na msamaha. Aliwahi kushuka basi katikati ya safari akamalizia kwa miguu, jua kali, kisa dereva alikwaruza gia mara mbili. "Siwezi kukaa nikisikia chuma kinalia," akasema, basi!

Sasa nyati wake mmoja, bila adabu, akamkanyaga mguu wa kulia. Mfupa uliunga, ila kifundo kikakakamaa, hakipandi wala hakishuki. Kutia gia ndiyo kwaheri. Akawa anashinda kwenye kitanda cha kamba uani, anaifuta Begam vumbi lisilokuwepo, na kununa. Darbara Singh wa kijiji cha pili, mtia nyasi mkubwa, akaleta habari kwamba yuko tayari kuichukua pikipiki pamoja na wateja, Jumapili mchana. Mzee akaitikia.

Binti yake Mehtab hakulala. Alijua Begam ikienda, nyati nao watauzwa, na yeye atapelekwa Kanada kwa kaka yake, akae ndani ya nyumba ya watu kutazama theluji dirishani. Naye alikuwa akiipenda kazi hii: harufu ya maziwa ya moto, barabara ya alfajiri, mashamba ya haradali huku na huku.

"Baba, usimpe Darbara," akamwambia asubuhi, akimpa chai. "Nitaendesha mimi."

"Utaendesha nini?"

"Begam."

Mzee alicheka mpaka chai ikamwagikia ndevuni. "Wewe uliyejifunzia ile pikipiki ya rafiki yako wa chuoni? Ya gia kushoto? Ile si pikipiki, mwanangu, ile ni cherehani."

"Nimekutazama ukiendesha tangu sijaota meno."

"Hata nyati wananitazama kila siku. Niwape na wao?"

"Wape, kama watakuja kukufulia hicho kilemba," Mehtab akajibu, na machozi yakamlengalenga.

Mzee aliyaona. Akakoroga chai isiyohitaji kukorogwa. "Haya. Jumapili asubuhi utanipeleka mjini, mimi na madebe. Bila nyasi. Nami sitafungua mdomo njia nzima. Lala Kishori muuza vitamutamu akifunua debe akakuta siagi, Darbara anachukua Begam siku hiyo hiyo, na sitaki kelele."

Kwa maana maziwa ya nyati yakitikiswa sana hutoa punje za siagi, na siagi ikishatoka hairudi.

Jumapili ikafika. Madebe yakafungwa huku na huku, mzee akaketi katikati yake kama bwana harusi, mguu mbovu umenyooka juu ya chuma cha kukanyagia. Mehtab akapiga kiki. Begam ikaitika. Gia ya kwanza juu, nyingine zote chini, hayo aliyajua. Alijua pia siri ya baba yake: ukishapunguza mafuta na kubana klachi, usikimbilie gia, ngoja kwanza, vuta pumzi moja, ndipo ukanyage. Kichwani alijua. Mguu ndio ulikuwa na haraka zake. Kila alipobadili, Begam ilishtuka, madebe yakagugumia, na mguu mbovu wa mzee ukakandamiza chuma nyuma yake, kana kwamba ndio unaotia gia. Mzee hakusema neno. Afadhali angetukana!

Penye geti la reli mambo yakaharibika kabisa. Treni ilipita, geti likafunguliwa, Mehtab akaondoka, akaingiza ya pili, mara trekta lenye miwa likajichomeka mbele yake. Akataka kurudisha gia. Miguu yake ikasahau iko wapi; wa kushoto ukakanyaga, kama kule chuoni. Na kushoto kwa Begam ni breki. Pikipiki ikasita ghafla, injini ikazima, maziwa yakapiga kishindo ndani ya madebe, na mzee akamgonga mgongoni kwa paji la uso.

Mwenye trekta akapunga mkono na kwenda zake, mjinga yule.

Mehtab akapiga kiki tena. Basi, imekwisha, akajiambia. Siagi imeshatoka. Kama ni mara ya mwisho kuendesha Begam, nitaiendesha kwa raha zangu. Na kwa kuwa hakuwa tena na cha kuokoa, haraka ikamtoka mguuni. Akapunguza mafuta, akabana klachi, akangoja, akakanyaga. Hakusikia kitu. Akadhani gia haikuingia. Kumbe imeingia! Ya tatu vivyo hivyo. Ya nne ikaingia kama mkono mfukoni. Kwenye kona ya kiwanda cha matofali akarudisha mpaka ya pili, na madebe hayakunong'ona. Akacheka peke yake.

Ndipo akahisi uzito begani. Kichwa cha baba yake kilikuwa kimemlalia, kilemba kinamkuna sikio. "Baba?" Hakujibiwa. "Baba!"

Akajibiwa kwa mkoromo.

Kutoka hapo alibadili gia kama mtu anayepita karibu na kitanda cha mtoto, akaenda polepole mpaka mbele ya duka la Lala Kishori.

Lala Kishori akatoka na upawa, akamwona mzee amekwama usingizini baina ya madebe. Akagonga debe, akamwita kwa jina la heshima. "Sardarji! Leo umeletwa pamoja na maziwa?"

Bachittar akashtuka, akafuta mdomo. Lala Kishori akafunua debe, akachota, akainamisha upawa juani. Punje za mafuta zikaelea. "Siagi hii," akasema taratibu, maana hajawahi kuiona kwenye maziwa ya mtu huyu.

"Ni yangu mimi," Mehtab akasema. "Pale relini nilikanyaga breki, nikadhani gia."

"Nilisikia," mzee akasema. "Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hukusikia?"

Mzee akatazama bega la binti yake, palipolowa mate yake mwenyewe. Macho yakamwiva, akasingizia vumbi. Kisha akachovya kidole debeni, akatoa punje ya siagi, akailamba.

"Lala Kishori, nipigie simu kwa Darbara."

"Nimwambie awahi?"

"Mwambie abaki na nyasi zake."

Walipomaliza kumimina, mzee akapanda nyuma bila kusaidiwa, akarekebisha kilemba.

"Twende polepole," akasema. "Sijamaliza usingizi wangu."