Madoa ya Meza ya Kushoto

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, majani ya maharage kwenye meza ya kushoto yalikuwa na madoa ya kahawia, madogo kama vichwa vya pini. Meza ya kulia ilikuwa kijani tupu.

Mtafiti aliinama, akageuza jani moja, akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi mbele za watu. Meza zote mbili alikuwa amezipulizia vumbi la kutu ya maharage, ugonjwa wa kuvu, siku ile ile, kwa mkono ule ule. Kushoto yalikuwa maharage aliyoyazalisha mwenyewe kwa miaka sita; kulia ya kawaida, ya kulinganishia. Kuvu wa kutu hula seli zilizo hai tu. Kwa hiyo kule kushoto seli iliyovamiwa ilimtambua adui, ikapiga mbiu kwa jirani zake, kisha ikajiua, na jirani wachache wakafa nayo. Kuvu akabaki amezingirwa na maiti, hana cha kula. Kila doa lilikuwa kaburi lake. Kule kulia hakuna seli iliyoshtuka. Kuvu alikuwa ndani, anakula kimya kimya, na nje jani linapendeza.

Majani yanayopendeza ndiyo aliyoyapenda Mkurugenzi. Mkurugenzi huyo wa kituo alikuwa mume wa dada yake mtafiti. Alikuwa amepanda hadi cheo hicho kutoka kuuza mbolea, na akiwa hayupo wafanyakazi walimwita Mbolea. Kabla ya kila ugeni alipita kwenye banda la vioo akinyofoa kila jani lenye doa, kama mzazi anayemtoa mtoto chawa ili apigwe picha.

"Shemeji, hii nini?" aliuliza, mikono kiunoni. "Wafadhili wanakuja Alhamisi, wewe unanipangia wagonjwa mezani?"

"Hao ndio wazima. Wagonjwa ni wale unaowachekea."

"Wale hawana hata doa!"

"Bado."

"Jani lililojaa madoa hivi lina uzima gani?"

"Nilieleza kwenye kikao. Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa natafakari."

"Ulikoroma. Hivi shemeji, cheti chako ulikipata chuoni, au kilikuwa zawadi ndani ya mfuko wa mbolea?"

Mfanyakazi wa bandani alijifanya anakohoa. Mkurugenzi akavimba.

"Meza ya kushoto ing'olewe, ichomwe. Leo hii."

Hapo mtafiti aliacha kuufurahia ulimi wake. Mbegu za akiba zilikuwa zimeoza jokofu lilipoharibika. Vyungu kumi na viwili vya meza ile ndivyo vilivyobaki vya uzao wote, na maganda ya maharage yalikuwa bado mabichi, hayajafikia kuvunwa mbegu. Alitoka nje akampigia dada yake simu.

"Umemwambia nini mume wangu?"

Akamweleza. Dada akacheka mpaka akapaliwa.

"Mdogo wangu, akili unazo za kugawa, lakini mdomo huo! Rudi ukamwombe. Na usiombe kama unamtukana."

Akarudi, akaomba. Mkurugenzi aliwaita kwanza wafanyakazi wote.

"Sema mbele ya hawa kwamba mimea hii ni migonjwa. Kisha ipeleke unakotaka, mradi nisiione."

Mtafiti alipima: sentensi moja ya uongo upande huu, miaka sita upande ule.

"Ni migonjwa," alisema. "Mkurugenzi ameona mbali."

Mkurugenzi hakuisikia kejeli. Masikio yake hayakuwa na kinga yoyote dhidi ya sifa. Vyungu vikahamishiwa stoo yenye dirisha kubwa.

Wafadhili waliahirisha safari kwa wiki moja. Walipofika, Mkurugenzi, ndani ya koti jeupe lililonyooshwa kwa pasi, aliwaongoza moja kwa moja hadi meza ya kulia, akapitisha mkono kwenye majani kwa madaha. Mkono ulirudi na rangi ya kutu. Chini ya kila jani vipele vilikuwa vimepasuka, na vumbi lake likamwagikia koti.

"Maharage yanayostahimili kutu yako wapi?" aliuliza mgeni mwenye miwani, bingwa wa magonjwa ya mimea.

"Yaliugua," Mkurugenzi alidakia. "Mtafiti mwenyewe alisema. Mashahidi hawa hapa."

Mgeni akamgeukia mtafiti. "Ulisema?"

"Nilisema, na ulikuwa uongo. Bila hivyo yangechomwa. Yako stoo, njoo uyaone."

Huko stoo mgeni aliweka kipande cha jani chini ya hadubini ndogo aliyokuja nayo, akachungulia.

"Seli zimekufa hapa tu," alisema. "Kuvu hajavuka."

Akabonyeza ganda moja. Mbegu ndani yake zilikuwa zimekomaa, ngumu.

Mkurugenzi akachungulia mlangoni. "Nilijua tu! Ndiyo maana niliamuru yatengwe!"

"Ishia hapo hapo," mgeni alimwambia. "Umejaa vumbi la kutu. Nenda ukanawe, ubadilishe na nguo."

Mkurugenzi aliwatazama wafanyakazi, akalitazama koti lake, akaondoka. Mgeni alifunga mlango wa stoo, akachomoa ufunguo, akamkabidhi mtafiti.