Kadi ya Kumi na Saba

Kwa wananchi wote wa mji wa Tolliver, weupe kwa weusi, na kwa kila apendaye haki: mimi, Lucius Pettway, umri miaka kumi na sita, mwanafunzi wa shule ya bweni ya kaskazini yenye sanamu tatu na kuku wasioiva, nachukua fursa hii adhimu kutoa taarifa kuhusu Kiamsha Kinywa cha Umoja cha Siku ya King, sikukuu ya kumkumbuka yule mpigania haki za Weusi, na kuhusu mchango wangu katika mazungumzo ya mji huu juu ya ubaguzi wa rangi.

Mchango wenyewe ni kwamba niliiba swali.

Kila Januari, asubuhi ya sikukuu hiyo, ukumbi wa kanisa letu hupangwa meza nane. Mlangoni unabandikwa kifuani alama ya kijani, au njano, au samawati, nayo ndiyo inayokuonyesha meza yako. Bila hivyo Wazungu wangekaa upande wa madirishani na sisi upande wa jikoni, kama siku zote. Mwaka juzi nilimwambia bibi yangu, Bibi Ozella, kwamba tunapiga vita ubaguzi kwa kuwapanga watu kwa rangi. Akanipa kitambaa nikafute meza.

Katikati ya kila meza kuna bahasha, na ndani yake swali. Swali ni lilelile tangu nikiwa navaa nepi: ni lini ulipotambua kwa mara ya kwanza rangi ya ngozi yako? Kila mtu ana jibu lake amelikariri. Dokta Whitlock, Mzungu, daktari wa meno mstaafu, husimulia juu ya mama Mweusi aliyekuwa akiwapikia nyumbani kwao, na hulia akifika palepale kwenye aproni.

Kwa hiyo nilipotumwa kupanga bahasha, nilitoa swali la meza ya nne na kuweka la kwangu: mbwa wa kwanza uliyemjua aliitwaje?

Meza ya nne walikuwa Bibi, Dokta Whitlock, wake wawili wa mapasta, na mimi.

"Mbwa," alisoma Dokta. Akaigeuza karatasi kutazama nyuma. "Kamati imetaka tuzungumzie mbwa?"

"Kamati haijataka kitu," Bibi alisema, akinitazama mimi. "Lakini jibu tu, Dokta. Tumeshakaa."

"Basi." Alikunja kitambaa chake cha mezani. "Wetu aliitwa Duchess. Baba alizalisha mbwa. Wakubwa wakubwa. Watoto wawili wa Duchess alimpa sherifu, mkuu wa polisi, wa kukamatia watu." Akakikunjua kitambaa. "Sijui kwa nini nimesema hivyo. Sijawahi kulisema hilo."

"Wa sherifu nawajua," Bibi alisema. "Majina yao ndiyo sikuyajua."

"Duke na Belle."

"Belle ni yupi?"

"Mwenye sikio jeupe."

Bibi alivuta mkono wa kushoto wa sweta lake, akaushusha juu ya kovu lake la zamani hadi kwenye vidole. "Belle," alisema. "Hebu nipitishie uji wa mahindi, Dokta, kabla haujaganda."

Akaupitisha. Safari hii hakulia. Wake wa mapasta walitazama mayai yao. Nadhani hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya kweli pekee yaliyopata kufanyika katika ukumbi ule, na mwanzilishi wake nilikuwa mimi. Nilisubiri nifurahi, au nione aibu, chochote kile. Hakikuja kitu. Nilikuwa hivyo tangu Novemba, Babu Harlan alipofariki: kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi, unaligusa na kujua ni lako kwa sababu tu limeshikana na uso. Siku ya mazishi nilikula sahani mbili na kumtengenezea binamu simu. Shangazi zangu walisema nimejikaza kiume. Sikuwa nimejikaza.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe.

Baada ya kula husomwa majina. Mwaka elfu moja mia tisa sitini na moja, vijana kumi na saba Weusi waliingia maktaba ya mji, iliyokuwa ya Wazungu tu, wakachukua vitabu, wakakaa wakasoma. Wakakamatwa. Majina yao yameandikwa kwenye kadi, moja kwa kila mtu, ndani ya kisanduku cha bati. Bi Carlene, mwenyekiti wa kamati, huzisoma. Aliye hai husimama akasema, "Nipo." Aliyekufa, mtu wa familia yake husimama akasema, "Yupo." Ni hivyo tu. Hakuna hotuba.

Babu alikuwa mmoja wao, lakini kuna waliosema hakustahili. Wenzake walilala rumande siku tisa. Yeye alitolewa jioni ileile, kwa sababu mama yake alikuwa akimfulia jaji, akaenda akapiga magoti jikoni kwa jaji. Babu hakuombwa ruhusa. Kwa miaka mingi alisimama kila Januari akasema "Nipo" kwa sauti ndogo, na kila Januari Bibi aliangaza ukumbi kuona nani anakohoa kwa kejeli.

Mwaka huu ulikuwa wa kwanza wa "Yupo."

"Utamjibia wewe," Bibi aliniambia asubuhi, kwenye gari. "Mimi sauti haitatoka. Neno moja tu, Lucius. Usilifanyie vituko."

"Sawa, Bibi."

Kisha akanipa kisanduku nikipeleke mbele. Toka mlangoni hadi jukwaani ni hatua ishirini na tano hivi. Hatua ya kumi nilikuwa nimeshaitoa kadi ya Babu na kuitia ndani ya soksi.

Bi Carlene alisoma. "Nipo," walisema watano. "Yupo," zilisema familia moja baada ya nyingine. Nilihisi mkono wa Bibi mgongoni mwangu, tayari kunisukuma nisimame. Kadi ya kumi na sita ikasomwa. Bi Carlene akatazama ndani ya kisanduku. Akatazama meza yetu, kwa upole sana, akakifunga.

"Amina," akasema.

Ukumbi mzima unajua ni kumi na saba. Watoto wa shule ya Jumapili wanajua. Hakuna aliyesema neno. Kwetu, mjane akifanya jambo la ajabu katika mwaka wake wa kwanza, unaliacha lipite. Walidhani ameamua mwenyewe jina lisiitwe. Wakaanza kuimba.

Mkono ukaondoka mgongoni.

"Wamesubiri afe," Bibi alisema. Hakusema kwa hasira. Ni kama mtu anayesoma bei sokoni. "Akiwa hai hawakuthubutu. Nipe koti langu."

"Bibi, labda..."

"Koti, Lucius. Na masufuria yangu uyatoe jikoni. Yote. Mwakani wajipikie."

Dokta Whitlock alinyanyuka kumsaidia na koti, na Bibi akamwachia, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alikuwa ameshafunga vifungo viwili Bi Carlene alipotufikia, kisanduku kwapani.

"Dada Ozella," alisema kwa sauti ya chini. "Sikutaka kukuuliza mbele za watu. Kama ulitaka asiitwe, ni haki yako. Lakini ungeniambia, mpenzi. Nilibaki nimesimama pale kama mti."

"Nikwambie nini? Umemtoa wewe."

"Mimi? Kisanduku hulala kwako."

"Na usiku nilizihesabu. Kumi na saba."

Sikuhitaji kuinua macho kujua ni nani wanayemtazama. Wimbo ulikuwa umefika ubeti wa tatu, ule ambao hakuna anayeujua vizuri, na watu walikuwa wakipunguza sauti.

"Lucius," Bibi alisema.

Nilikuwa na maelezo tayari. Shuleni nimefundishwa kujitetea mbele ya walimu wanne na mkuu wa bweni, na sijawahi kukosa la kusema. Niliinama nikaitoa kadi. Ilikuwa imelowa jasho kidogo, na mwandiko ni wa Babu mwenyewe.

"Ni moja ya mizaha yako," alisema Bi Carlene.

"Hapana, Bi Carlene. Bahasha ya mbwa ndiyo mzaha."

"Basi hii ni nini?"

"Sijalia," nilisema. "Tangu Novemba. Sijalia hata kidogo, sisikii kitu. Nikaona nikisimama niseme Yupo, itatoka kama naitikia mahudhurio darasani. Na wale wanaokohoa wangeisikia. Wangesema hata mjukuu wake mwenyewe haamini. Nikaona heri asiitwe."

Bibi aliichukua kadi, akaipangusa kwenye koti, akampa Bi Carlene.

"Isome," akasema. "Sasa hivi, kabla hawajachukua makoti. Na wewe simama uitikie hivyohivyo ulivyo."