Kichupa Kisicho na Mwenzake

Mama Pacha alifika maabara asubuhi hiyo akiwa hoi bin taabani. Pacha wake walikuwa na homa, wamekesha wakipokezana kulia, huyu akinyamaza yule anaanza, na wifi yake aliyeahidi kuja kumsaidia hakutokea. Kazini nako mwenzao mmoja alikuwa likizo, hivyo kazi yote iliwaangukia yeye na Miwani, mtu wa darubini, asiyependa maneno mengi.

Vichupa vya damu vilikuwa vitano. Akavipanga kwenye mashine ya kuzungushia damu, viwili vikitazamana, vingine viwili vikitazamana. Cha tano, cha mtoto mdogo, akakitumbukiza peke yake. Siku zote upande wa pili huweka kichupa cha maji chenye uzito uleule, maana mashine ile ikielemea upande mmoja haina simile. Siku hiyo mikono ilifanya kazi, akili ilibaki nyumbani. Akafunga kifuniko, akawasha.

Haukupita muda, mashine ikaanza kutetemeka, kisha ikawa inagongagonga meza. Kitu kikapasuka ndani. Akazima, na mkono ukaenda moja kwa moja kwenye kifuniko.

"Usifungue," Miwani akasema.

"Kuna damu ya yule mtoto mdogo."

"Imeshamwagika hiyo. Mashine bado inazunguka, itakukata vidole. Na hata ikisimama, ngoja matone yatue, usije ukayavuta puani."

Wakasubiri nusu saa, Mama Pacha ameegemea ukuta, macho yakijifumba yenyewe. Kisha wakavaa glavu na barakoa. Miwani akaokota vipande vya kioo kwa koleo ndogo, yeye akapangusa kwa dawa. Vile vinne vilikuwa vizima. Kilichopasuka ni cha mtoto ambaye muuguzi alihangaika naye weee kabla ya kuupata mshipa.

"Nikamwambie mama yake?" Miwani akauliza.

"Hapana. Nimevunja mimi, nitasema mimi."

Mama wa mtoto alikuwa kwenye benchi la korido, mtoto amemlalia kifuani. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo mnamtoboa tena?"

"Ndiyo, dada. Kosa ni langu. Sikuipanga mashine sawasawa."

Ndipo akamtazama, akayaona macho yalivyomwiva. "Hukulala wewe."

"Sikulala. Lakini huo si mzigo wako."

Mwanamke akampapasa mtoto mgongoni. "Mtoboe wewe mwenyewe. Ukikosa, naondoka naye."

Hakukosa. Mtoto alilia kidogo, akasinzia tena. Mama yake hakusema asante, na Mama Pacha hakuitarajia.

Akarudi maabara, akajaza maji kichupa kingine, akakipima pamoja na kile kipya cha mtoto kwenye mizani, akarudia kuvipima, akaviweka vikitazamana. Akasimama palepale mpaka mashine ikashika mlio wake wa kawaida.

"Kakae," Miwani akamwambia. "Hii naiangalia mimi."

Akakaa. Miguu ilikuwa imemvimba. Akavua viatu, akavisukuma chini ya kiti.